The Others (2001): Hivi Charles alijua kwamba amekufa?

#1 Mchungulia Dirisha
Wakuu salaam. Kama hujaiangalia The Others na una mpango wa kuiangalia, rudi kwa mlango ulioingilia. Humu tunachambua mpaka mifupa.

Jana nimeirudia mara ya nne. Siri kubwa ya mwisho haina mjadala: Grace (Nicole Kidman) aliwaziba pumzi wanawe kwa mto, kisha akajipiga risasi. Wale watumishi watatu walikufa kwa kifua kikuu tangu 1891. Kumbe wafu ni hao tuliokuwa tunawaonea huruma, na "wavamizi" wanaofungua milango na kupiga piano ndio walio hai. Hapo tumeelewana.

Kinachoninyima usingizi ni Charles, mume. Anatokea ndani ya ukungu na sare za jeshi, anakumbatiwa, analala kitandani kama mgonjwa, kesho yake kitanda kitupu. Huyu alijua kwamba amekufa? Na kama alijua, kwa nini alimwacha mkewe gizani?

Msimamo wangu: alijua. Alikuja kuaga.

#2 Fundi Saa
Hakujua. Mwenyewe anamwambia mkewe anarudi mstari wa mbele. Grace anamjibu vita vimekwisha, yeye anang'ang'ania havijaisha. Mtu anayejua keshakufa atawahi kazini kufanya nini?

#3 Shemeji wa Taifa
#2 inaonekana hujawahi kumwona mstaafu anayeamka saa kumi na moja kupiga pasi shati la kazini.

#4 Nyuzi Tatu
Nyote mmepotea. Charles hayupo kabisa. Ni hamu ya mwanamke aliyesubiri miaka. Ndiyo maana anatokea saa ile ile Grace amekata tamaa, anapotea kwenye ukungu akienda kumtafuta padre. Ubongo wake umemletea mume.

#5 Binti Ngamiani
@Nyuzi Tatu hapana dada/kaka. Watoto walimwona na kumkumbatia. Anne alizungumza naye faragha akamwambia mambo. Ndipo Charles akaenda kumuuliza Grace kulitokea nini "siku ile". Hamu ya mama haiwezi kupewa umbea na mtoto.

#6 Nyuzi Tatu
Grace ni mfu, watoto ni wafu, nyumba nzima ni ya kufikirika. Kama mnaweza kumeza hayo, mnashindwaje kumeza kivuli kinachopewa umbea?

#7 Binti Ngamiani
Kwa sababu watumishi pia walimjadili. Yule mzee wa bustani anamuuliza Bi. Mills, mlezi na mkuu wao, kama bwana anashuku kitu, naye anajibu kwamba hadhani hata anajua yuko wapi. Wafu wazoefu wa miaka hamsini na ushee wamemtazama wakatoa tathmini. Mimi nawaamini hao kuliko mtu yeyote kwenye uzi huu.

#8 Fundi Saa
Asante Binti. Kesi imefungwa. Hakujua.

#9 Mchungulia Dirisha
Haijafungwa hata kidogo. "Hajui yuko wapi" siyo "hajui kwamba amekufa". Mtu anaweza kujua amekufa na asijue amefikia kituo gani. Tena kumbukeni Bi. Mills alisema hayo kabla Charles hajazungumza na Anne. Baada ya mazungumzo yale mtu amebadilika. Anamtazama mkewe kwa jicho lingine kabisa.

#10 Kibanda Umiza
Mimi niongelee mateso yangu. Hizi filamu mbili, The Others na The Sixth Sense, niliziona kwenye banda la video, zimetafsiriwa. The Sixth Sense, Bruce Willis kapigwa risasi ya tumbo pale mwanzo kabisa, mtafsiri akashika kipaza: "Jamaa hapo ndiyo keshakata kamba, mtamwona anatembeatembea, msidanganyike, huyo ni mzimu." Dakika ya kumi! Tulikuwa tumelipa! Mtafsiri simtaji, na si Lufufu, msianze.

#11 Shemeji wa Taifa
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#12 Msee wa Kawangware
Huku kwetu angechapwa viti. Lakini sasa nyinyi mlifurahia nini muda wote uliobaki?

#13 Kibanda Umiza
Ndiyo maajabu sasa. Nusu ya banda walimkatalia! Wakubwa wakasema huyu mtafsiri anaropoka, STERINGI HAFI. Sheria ya banda inajulikana. Steringi anaweza kutupwa ghorofani, akafungiwa kwenye jeneza, akapigwa panga, mwisho lazima ashinde. Na huyu ni Bruce Willis, aliyetembea peku juu ya vioo kwenye Die Hard akamaliza majambazi jengo zima. Risasi moja ya tumbo imfanye nini? Kwa hiyo tulikaa mpaka mwisho tukiamini mtafsiri kakosea. Pete ilipodondoka sakafuni banda likanyamaza kimya kama msikiti saa ya hotuba.

#14 Pweza Mkavu
Huu ndio uchambuzi bora niliosoma mwaka huu, na anadhani ametoa kichekesho. Watu wengi wanasema Shyamalan, mwongozaji wa The Sixth Sense, alitudanganya. Hakudanganya. Alimpiga steringi risasi mbele ya macho yetu, akaruka miezi kadhaa, akamweka kwenye benchi anamsubiri mtoto. Jeraha lilipona vipi, nani alimpeleka hospitali, hatukuuliza. Tuliziba pengo wenyewe kwa ile sheria ya banda. Hata mtoto Cole anapokiri kwamba anaona watu waliokufa, kamera inakwenda kukaa usoni kwa Bruce Willis! Na mtoto anafafanua kabisa kwamba hawajui wamekufa na wanaona kile wanachotaka kuona. Angeandika nini zaidi, barua?

#15 Fundi Saa
Na hiyo ndiyo hoja yangu. Wafu hawajui wamekufa. Charles naye hivyo hivyo.

#16 Pweza Mkavu
Hapana, usichanganye katiba za nchi mbili. Kwa Cole wafu hawaonani wao kwa wao. Kwenye The Others wanaonana, wanafanyiana kazi, wanagombana, wanapikiana. Tena Bi. Mills na wenzake wanajua vizuri kabisa kwamba ni wafu, wanamsubiri tu mwenye nyumba akomae. Kwa hiyo katika nyumba ile kujua au kutojua ni suala la mtu na mtu.

#17 Mwana wa Mwalimu
Nicole Kidman alipata Oscar kwa hii filamu, alistahili.

#18 Pweza Mkavu
@Mwana wa Mwalimu hiyo ni The Hours, siyo The Others. Masikio yanafanana, filamu hazifanani. Mwaka wa The Others aliteuliwa Oscar kwa Moulin Rouge! na hakushinda. The Others ilibeba mzigo wake Hispania: tuzo 8 za Goya, ikiwemo filamu bora, na ilikuwa ya kwanza kushinda hiyo bila kuwa na neno hata moja la Kihispania. Mwongozaji Alejandro Amenábar ndiye aliyeandika, na muziki katunga mwenyewe.

#19 Mwana wa Mwalimu
Shukrani kwa elimu. Nilikuwa nabisha na shemeji yangu tangu juzi, sasa sijui nitamwambia nini.

#20 Niko Baridini
Mniruhusu niongeze la Jersey, maana hadithi ya The Others inatokea huko na naona hakuna aliyetaja. Jersey ni kisiwa kwenye Mlango wa Bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, na kiko karibu zaidi na Ufaransa. Wajerumani walikikalia tangu 1940 mpaka 9 Mei 1945. Hii ina maana kwenye hadithi. Grace hakukaa tu akisubiri mume, alikaa chini ya jeshi la adui miaka mitano, peke yake na watoto wawili wasioweza kuguswa na jua. Ndiyo maana anasema wamezoea kukaa bila umeme, Wajerumani walikuwa wanaukata. Giza la nyumba ile lina sababu mbili za kidunia kabla hujafika kwenye uchawi.

(Lakini nyumba yenyewe mnayoiona haiko Jersey. Walipigia picha kwenye jumba moja huko Cantabria, Hispania ya kaskazini.)

#21 Mchungulia Dirisha
Umenipa silaha Baridini. Charles alikuwa na ruhusa ya kutokwenda! Kisiwa kilijisalimisha bila mapigano, angeweza kubaki nyumbani kama wengine. Grace mwenyewe anamlalamikia kwamba aliwaacha. Kwa hiyo Charles anarudi akiwa na deni. Anagundua deni lilivyolipwa, kwa mto usoni mwa watoto. Unadhani atabaki? Ameondoka kwa aibu. Siyo ya mkewe, ya kwake.

#22 Binti Ngamiani
Hiyo nayo inaingia akilini, ingawa umeanza na "alikuja kuaga" sasa umefika "ameondoka kwa aibu". Chagua.

Mimi niwape ya bibi yangu, Tanga. Niliiweka kwenye deki nikiwa kidato cha pili, bibi anashona ukili pembeni, Kiingereza hajui hata salamu. Haikufika nusu saa akasema, "Hawa wote maiti." Nikamuuliza umejuaje? Akasema: "Mume yuko vitani, hajulikani yu hai au kafa, na hata jirani mmoja haji kumpa pole? Padre haji. Mleta barua haji. Nyumba isiyopigiwa hodi ina watu gani?"

Miaka mingi baadaye nikairudia, nikagundua ile barua. Grace aliandika tangazo la kutafuta watumishi, watumishi wakaja, halafu anakuja kuikuta barua bado iko pale pale, haijachukuliwa. Hodi haikupigwa. Bibi alishamaliza.

#23 Shemeji wa Taifa
Bibi apewe uzi huu auendeshe.

#24 Msee wa Kawangware
Lakini watumishi walipiga hodi, ama?

#25 Binti Ngamiani
@Msee na ndiyo akawashuku hao kwanza. Alisema "wamekuja na njaa ya kazi lakini hawana mzigo wa safari". Sina uhakika kama hawana mzigo, niliacha kubishana naye.

#26 Kiraka
The Others ni nakala ya The Sixth Sense, semeni ukweli. Ile 1999, hii 2001, wazo lile lile mfu hajijui.

#27 Pweza Mkavu
Wazo hilo ni la zamani kuliko wote wawili. Tafuta Carnival of Souls ya 1962, nyeusi na nyeupe. Gari linatumbukia mtoni kutoka darajani, mwanamke mmoja anatoka majini akiwa hoi, anaendelea na maisha, watu wengine wakati mwingine hawamwoni wala hawamsikii. Mwisho gari linavutwa kutoka mtoni na yeye yumo ndani. Na mambo ya mlezi, jumba na watoto wawili yanatoka kwa mwandishi Henry James, The Turn of the Screw, 1898. Amenábar aligeuza kamera tu, akaikalisha upande wa pili wa ukuta.

#28 Kiti Moto Sili
Mpemba nipo, nimesoma uzi wote kimya. Mnahangaika na Charles wakati palipo na kitendawili hasa ni ile gauni ya komunyo ya kwanza. Anne amekaa chini na shela, anacheza na kikaragosi. Grace anatazama mikono, anaona ya bibi kizee. Anamvamia, kumbe anamkaba mwanawe. Je, bibi kizee alikuwepo?

Kwetu mtu akipagawa tunasema pepo kampanda kichwani, na yule aliyepandwa anaitwa kiti. Pepo hana kinywa, anaazima cha kiti. Sasa kwenye filamu yule bibi kizee ndiye mwenye kuita roho, yaani yeye ni kiti cha wafu. Mwisho tunaona Anne akimnong'oneza sikioni naye anaandika. Hilo liko wazi. Lakini Amenábar anauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye ngoma yoyote: kama walio hai wanawapandisha wafu, je, upande wa pili wafu nao hawapandwi na walio hai? Siku ile Anne ndiye alikuwa kiti. Bibi kizee kampanda mtoto wa watu!

#29 Fundi Saa
Nimesimama nikakaa tena.

#30 Nyuzi Tatu
Au Grace alikuwa anataka kumkaba tena. Alishafanya mara moja. Macho yakamtengenezea sababu. Rahisi zaidi kuliko pepo wa kinyumenyume.

#31 Kiti Moto Sili
@Nyuzi Tatu hilo nalo linatisha kuliko langu. Ila wewe kila kitu ni akili ya Grace. Mwisho utasema hata sisi tunaochangia ni akili ya Grace.

#32 Nyuzi Tatu
Sijalikataa hilo.

#33 Kibanda Umiza
Kwa kuwa mmefika kwenye kupandwa: ile ya Kijapani, Shutter, mpiga picha anaumwa shingo filamu nzima...

#34 Niko Baridini
Ya Thailand, 2004. Ya Kimarekani ya 2008 ndiyo walipeleka hadithi Japani, watu wengi huchanganya hapo.

#35 Kibanda Umiza
Sawa, Thailand. Jamaa anaenda hospitali, nesi anampima uzito, mizani inasoma kilo 120 na mwili wake ni wa kijana mwembamba. Nikajisemea mizani mbovu, kama ya buchani mtaani kwetu. Kumbe yule binti Natre amemkalia mabegani tangu mwanzo! Huko ndiko kupandwa kwenyewe. Wiki nzima nikisikia shingo inauma namwomba mke wangu anipige picha.

#36 Mama Wawili
😂😂 Na picha ikatoka na nani?

#37 Kibanda Umiza
Na mkopo wa kikoba.

#38 Mwana wa Mwalimu
Turudi kwa Charles jamani. Mimi nimelelewa Kikatoliki, nina jingine. Grace anawakaririsha watoto habari za jehanamu, toharani na ile limbo ya watoto, yaani makao ya waliokufa bila ubatizo. Mwisho Anne anamuuliza, kama tumekufa basi limbo iko wapi? Na mama aliyekuwa na jibu la kila kitu anakiri kwamba hajui hata kama ipo. Sasa chukua hesabu hiyo umpelekee Charles. Grace na watoto wamefungwa kwenye nyumba kwa sababu walifia humo. Charles alifia vitani, amefungwa kwa vita. Ukungu ndio ukuta wa gereza. Alipata upenyo wa siku moja, kisha mbele kukamwita. Suala la kujua halipo. Hata angejua, angerudi tu.

#39 Shemeji wa Taifa
Yaani likizo ya dharura, saa 24, arudi na sare zake zikiwa safi.

#40 Mchungulia Dirisha
@Mwana wa Mwalimu kama ukungu ni ukuta, Grace alifikaje alipomkuta? Alikuwa nje ya nyumba, anatembea kuelekea kijijini.

#41 Mwana wa Mwalimu
Uani ni sehemu ya gereza mkuu. Mfungwa hupewa muda wa kuota jua. Yeye akapewa ukungu.

#42 Fundi Saa
Mimi nimeyumba. Usiku nimeiangalia tena kipande cha Charles tu. Analala na mkewe usiku ule, Grace anaamka hayupo. Mtu asiyejua kafa angeamka akaomba chai. Yule aliondoka kimya kama anayejua hakuna cha kusema. Lakini bado "vita havijaisha" inanisumbua. Sijui tena.

#43 Mama Wawili
Hata mimi nilidhani Bi. Mills ni mbaya mpaka dakika za mwisho, ule uso mpole mpole. Kumbe alikuwa mlezi tu anayesubiri bosi aelewe. Nimefanya kazi za ndani huko Uarabuni miaka mitatu, najua ule uso. Unajua jambo la nyumba kabla ya wenye nyumba, na si kazi yako kulisema.

#44 Binti Ngamiani
Mama Wawili umenigusa.

Nimempigia bibi simu leo. Nikamkumbusha ile filamu, nikamuuliza yule mwanaume alijua kwamba amekufa? Ameikumbuka! Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia habari ya kaka yake. Alikwenda vita vya Kagera, akarudi kutoka Uganda 1979 mzima, hana hata mkwaruzo. Akakaa kwa mama yao siku mbili. Alilala na viatu kitandani, akiulizwa kitu anaitikia "naam" kama yuko kwenye gwaride. Siku ya tatu akaondoka alfajiri. Baadaye wakasikia yuko Morogoro, ana mke, ana watoto, anauza mbao. Nyumbani hakurudi tena.

Bibi anasema: "Wewe unaniuliza yule Mzungu kama alijua kafa. Yule hakuwa mfu. Nilimwona, nikamjua."

#45 Pweza Mkavu
Bibi aliyewaita wote maiti, sasa anamtoa mmoja?

#46 Binti Ngamiani
Ndivyo alivyosema. Nilipombishia akaniambia vocha inaisha, na mimi ndiye niliyepiga.

#47 Nyuzi Tatu
Kwa ukungu ule, askari aliye hai akiingia nyumba yenye wafu, akamwona mkewe, akaambiwa na mtoto yaliyotokea... angeondoka pia alfajiri. Naiacha nadharia yangu kwa muda.

#48 Fundi Saa
Aliye hai hawezi kuwaona! Victor, yule wa familia ya "wavamizi", peke yake ndiye aliyekuwa anamwona Anne, tena mtoto.

#49 Kiti Moto Sili
Na bibi kizee. Usimsahau kiti.

#50 Mgeni Mpya
Habari wakuu, nimemaliza kuiangalia sasa hivi baada ya kusoma uzi, najua nimeanzia mwisho. Naomba kuuliza: ile familia ya Victor inayofungasha na kuondoka na gari, geti linafungwa lina kibao cha kuuza nyumba. Sisi tunajuaje kwamba wao ndio wako hai?

#51 Mchungulia Dirisha
Mgeni, kaa hapo hapo usiondoke. Naiweka tena.